Basi la Jiji Lilikuwa la Nani?

Karibu na Gerezani, jijini Dar es Salaam, pana mahali panapoitwa Kamata. Makondakta hupataja kwa sauti kubwa kila siku, na abiria hushuka na kupanda hapo wakienda Kariakoo, Temeke au barabara ya viwanda. Si wengi miongoni mwa vijana wanaojua kwamba jina hilo halihusu kumkamata mtu ye yote. Ni kifupi cha Kampuni ya Mabasi ya Taifa, iliyozaliwa mwaka 1974 pamoja na nduguye, Usafiri Dar es Salaam, ambayo wananchi waliizoea kwa herufi tatu tu: UDA. Kamata ilipewa safari za mikoani, na UDA ikapewa mji.

Historia ya UDA imekuwa ikisimuliwa kwa namna mbili. Wako wanaosema kwamba shirika hilo lilikufa kwa sababu lilikuwa mali ya umma, na kwamba mali ya umma haina mwenyewe. Wako wengine wanaosema kwamba lilihujumiwa, na kwamba kama si hujuma lingekuwa linabeba abiria hadi leo. Kauli zote mbili zina chembe ya ukweli, na zote mbili humpumzisha msemaji kabla hajafika mahali panapouma. Swali linalopaswa kuulizwa ni jingine. Je, Jiji la Dar es Salaam, ambalo mabasi hayo yalibeba jina lake, liliwahi kupewa mamlaka ya mwenye mali?

Kabla ya UDA palikuwa na DMT, kampuni ya Kiingereza iliyobeba abiria wa Dar es Salaam tangu mwishoni mwa miaka ya arobaini. Mji wa wakati huo ulikuwa umegawanywa na watawala: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, na Waafrika wakisongamana Kariakoo, Ilala na baadaye Magomeni. Kampuni ilifanya lile ambalo kampuni ya aina yake hulifanya. Ilipeleka basi mahali penye nauli. Haikuwa kazi yake kujiuliza kibarua wa bandarini anafikaje kazini alfajiri, wala haikulipwa ili ijiulize. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo lilitamka kwamba njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa wafanyakazi na wakulima, ilikuwa ni suala la muda tu kabla ya usafiri wa mji mkuu kufuata mabenki na viwanda. Mwaka 1970 DMT ikawa mali ya Taifa, na miaka minne baadaye ikagawanywa mara mbili, ikapatikana Kamata na UDA.

Hapa pana jambo ambalo husahauliwa mara nyingi. Chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, ulioanza mwaka 1972, halmashauri za wilaya na kisha za miji zilivunjwa, na kazi zake zikachukuliwa na Serikali Kuu kupitia mikoa. Serikali za miji zilirudishwa mwaka 1978. Maana yake ni kwamba UDA, basi la Jiji, lilianzishwa wakati ambapo Jiji lenyewe halikuwa na halmashauri. Lilizaliwa likiwa yatima wa baba aliye hai. Mlezi wake alikuwa Shirika la Taifa la Usafirishaji, na juu ya mlezi huyo palikuwa na wizara.

Mji nao haukusubiri mtu. Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 350,000 mwaka 1967. Sensa ya 1978 ikakuta watu zaidi ya 840,000. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, Ubungo, kilikuwa kikiingiza wafanyakazi kwa zamu. Manzese ilikua bila kuuliza ramani. Viwanja vipya vilipimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na watumishi wa Serikali wakajenga huko, mbali na ofisi zao. Kila nyumba iliyojengwa nje ya mji wa zamani ilikuwa ni abiria wawili au watatu wa asubuhi, na ilikuwa ni mwendo mrefu zaidi kwa nauli ileile.

Nauli ndiyo iliyoibana UDA shingoni. Ilipangwa na Serikali, na kwa nia njema: mshahara wa kima cha chini ulikuwa mdogo, na haikuwa busara kumnyang'anya mfanyakazi kwa mkono mmoja kile alichopewa kwa mkono mwingine. Lakini bei ya mafuta ilipanda vibaya mwaka 1973 na tena mwaka 1979, na bei hiyo haikupangwa Dar es Salaam. Magari ya watu binafsi yalifikia kukatazwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana ili kuokoa petroli. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977. Mwaka uliofuata Idi Amin akavamia Kagera, na Taifa likaingia vitani. Baada ya vita, fedha za kigeni zikawa adimu kuliko chumvi.

Inafaa kueleza basi hufa namna gani, kwa maana halifi siku moja kama watu wanavyodhani. Basi lenye injini nzima hukosa pampu. Pampu inauzwa Ulaya kwa fedha za kigeni, na maombi ya fedha hizo yako kwenye foleni pamoja na maombi ya dawa za hospitali. Basi hilo husukumwa kando ya karakana. Wiki inayofuata basi jingine hukosa taa, na fundi, ambaye anaulizwa kila asubuhi mabasi mangapi yatatoka, huzitoa taa za lile lililolala. Kisha huja zamu ya matairi, ya betri, ya vioo. Baada ya miezi michache lile basi la kwanza haliwezi tena kufufuliwa hata pampu ikipatikana. Fundi huyo hakuwa mhujumu. Alikuwa akiokoa safari za kesho kwa kuzika basi la leo. Yale mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, yenye kiungo katikati, ambayo watoto wa mjini waliyaita kumbakumba, yalipokea abiria wengi kwa mara moja. Na kwa sababu hiyohiyo, lilipolala moja, kituo kizima kilibaki na watu.

Haisemwi hapa kwamba uzembe haukuwepo. Ulikuwepo, na palikuwa na tiketi zilizouzwa mara mbili, mafuta yaliyopotea njiani, na wakubwa waliojua hesabu za safari zao za nje kuliko hesabu za karakana. Hayo yalistahili adhabu. Lakini hata kama kila kondakta angalikuwa malaika, nauli isiyofikia gharama isingaligeuka kuwa pampu.

Mwaka 1983 Serikali ilikubali lililokwisha kuonekana barabarani, ikaruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria wa mji. Inasimuliwa kwamba nauli yake ilikuwa shilingi tano, na kwa kuwa watu wa mjini waliiita shilingi tano dala, magari yenyewe yakaitwa daladala. Utaratibu uliowekwa ulikuwa wa ajabu kidogo: magari hayo yaliingia barabarani kwa kibali cha UDA. Shirika lililoshindwa kununua vipuri likapewa kazi ya kuwagawia njia washindani wake, mfano wa mwenye duka anayemkodisha jirani kizingiti cha mlango wake.

Daladala iliokoa mji, na ni haki kusema hivyo. Bila yake watu wangalitembea kwa miguu kutoka Mbagala. Lakini iliuokoa kwa masharti yake. Dereva wa daladala kwa kawaida hana mshahara. Hupeleka kwa mwenye gari kila jioni kiasi kilichopangwa, kinachoitwa hesabu. Kinachobaki baada ya mafuta ndicho chake na kondakta wake. Ndiyo maana gari haliondoki halijajaa, ndiyo maana hukatisha njia likiona abiria ni wachache, na ndiyo maana mwanafunzi mwenye sare hurudishwa chini mlangoni. Mwalimu anayeandika majina ya waliochelewa kipindi cha kwanza huandika, bila kujua, sehemu ya hesabu ya dereva.

Kuna wanaojibu kwamba hayo ndiyo maumbile ya mambo, kwamba halmashauri haiwezi kuendesha basi. Mifano iko, na haikubaliani na kauli hiyo. Jijini Nairobi, Halmashauri ilikuwa na robo ya hisa za kampuni ya mabasi tangu mwaka 1966, pamoja na mkataba wa ukiritimba; kampuni ilidumu miongo kadhaa, lakini matatu zilipohalalishwa mwaka 1973 ukiritimba ule ukabaki karatasini, na robo ya hisa haikumpa diwani neno la mwisho. Tofauti kabisa ni Edinburgh, kule Uskoti. Halmashauri ya mji huo ilianza kuendesha tramu zake mwaka 1919, ikaendelea na mabasi, na hadi leo kampuni ya Lothian, yenye mabasi ya rangi ya damu ya mzee na nyeupe, iko mikononi mwa halmashauri, Edinburgh ikiwa na takriban asilimia 91 ya hisa na wilaya jirani zilizobaki. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1985 ilizilazimisha halmashauri kuyageuza mabasi yao kuwa makampuni na kushindana na watu binafsi. Nyingi ziliuza. Edinburgh haikuuza, wala Nottingham, wala Reading. Kampuni ya Edinburgh hujipangia nauli zake, hununua mabasi yake, na mwenye hisa wake anajulikana kwa jina na anwani. Ni kweli kwamba Edinburgh ni mji tajiri, na sterlingi haitafutwi kwa foleni. Lakini utajiri peke yake hauelezi kwa nini miji mingine tajiri ya nchi hiyohiyo iliuza yake.

Dar es Salaam ilikuja kupewa hisa. Halmashauri ya Jiji ikashika asilimia 51 za UDA, na Serikali, kupitia Hazina, asilimia 49. Kwa hesabu ya shule, mwenye 51 ndiye mwenye mali. Kwa vitendo, nauli ilipangwa kwingine, leseni za njia zilitolewa kwingine, na barabara nyingi kubwa zilitunzwa kwingine. Zaidi ya hapo, mwenye asilimia 51 hakuwa na uhakika wa kuamka kesho. Mwaka 1996 Serikali Kuu iliivunja Halmashauri ya Jiji na kuweka Tume, iliyokaa hadi mwaka 2000, Jiji liliporudi likiwa na manispaa tatu chini yake. Mwaka 2011 sehemu ya hisa za UDA iliuzwa kwa kampuni binafsi, na mauzo hayo yakazua ubishi wa miaka kadhaa bungeni na katika vikao vya madiwani: nani aliuza, kwa bei gani, na kwa idhini ya nani. Kwamba maswali kama hayo yaliweza kuulizwa baada ya mauzo na si kabla yake, hilo linatosha kuonyesha mwenye nyumba alikuwa amelala umbali gani kutoka mlangoni. Mwezi wa Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ikavunjwa tena, na hadhi ya Jiji ikapewa Ilala.

Kati ya matukio hayo likaja basi jipya. Mwezi wa Mei 2016 mabasi yaendayo haraka yalianza kutoka Kimara hadi Kivukoni, yenye matawi ya Morocco na Gerezani, katika njia ya karibu kilomita 21 iliyotengwa kwa ajili yake. Mwendeshaji wake wa kwanza aliitwa UDA-RT; jina la zamani lilirudi barabarani likiwa na herufi mbili za ziada. Njia ile ilikuwa nzuri, na abiria wa Kimara waliokuwa wakiondoka nyumbani usiku walilala saa moja zaidi. Hata hivyo karakana ilijengwa katika bonde la Jangwani, ambalo kila mzee wa Magomeni anajua maji ya Msimbazi hulifanya nini masika, na mabasi yakaharibiwa na mafuriko. Foleni za vituoni zikarudi, na malalamiko ya vipuri yakarudi nazo.

Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 5,380,000 mwaka 2022. Yanapojadiliwa mabasi yao, mjadala huishia haraka kwenye idadi ya magari: yameagizwa mangapi, yamefika mangapi, yako bandarini mangapi. Ni mjadala rahisi, kwa sababu magari hupigwa picha. Mgumu zaidi ni ule wa nauli ya mwanafunzi. Mamlaka huipanga chini ya nauli ya mtu mzima, na ni sawa kabisa ipangwe hivyo. Lakini ile tofauti hailipwi na mfuko wo wote. Imeachwa ndani ya gari, mikononi mwa dereva mwenye hesabu ya jioni, naye huilipa kwa kufunga mlango. Halmashauri inayotaka kuitwa mwenye basi ingeweza kuanzia hapo, hata kabla ya kununua gari moja: ihesabu wanafunzi wanaosafiri, iiweke tofauti hiyo katika bajeti yake ya mwaka, na imlipe mwenye gari kwa kila mtoto aliyepandishwa. Madiwani watauliza fedha zitoke wapi. Ni swali la haki, na ni mara ya kwanza lingekuwa linaulizwa mahali pake.