Mfuko wa Pili wa Mbolea Haumwokoi Mkulima

Kila msimu wa mahindi unapokaribia Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kauli ni ileile, kwenye maduka ya pembejeo na majukwaani: mbolea ndiyo mavuno. Basi mkulima wa Mbozi mwenye ekari tatu, na pesa isiyotosha hata mbili, anaimalizia yote kwenye mbolea, kisha anarudi nyumbani kuchambua mahindi ya mwaka jana apate ya kupanda. Kauli hiyo naikataa. Inawafukarisha watu wanaofanya kazi kuliko sisi sote.

Mchele ukipanda bei, familia itakula ugali na maisha yataendelea. Mbegu na mbolea haviachiani nafasi namna hiyo. Wachumi huviita bidhaa kamilishi: kimoja kikipungua, kingine hupoteza thamani hata ukikirundika ghalani. Wajerumani Carl Sprengel na Justus von Liebig walieleza jambo linalofanana na hili tangu karne ya 19, kwamba kinachoupimia mmea ukuaji ni kirutubisho kilicho haba kuliko vyote. Kuongeza kile ambacho tayari kinatosha hakuusaidii.

Tazama pesa inavyopotea shambani. Mahindi chotara yakivunwa na kupandwa tena, kizazi hicho cha pili hakina nguvu ya mzazi wake, na mbolea haiwezi kuirudisha. Urea ina naitrojeni asilimia 46, lakini ukiimwaga juu ya udongo bila kuifukia, sehemu yake hupaa hewani ikiwa amonia. Palizi ikichelewa, magugu ndiyo yanayokula mfuko ulioukopea. Na kwenye udongo wenye tindikali kali, fosfeti ya mbolea ya DAP hunaswa na chuma na alumini, mmea ukabaki na njaa juu ya chakula. Mwenye shamba la aina hiyo anahitaji chokaa kabla ya mfuko wa pili.

Najua jibu nitakalopewa nikisema mahindi yabaki ekari moja: ekari mbili zilizobaki niziache pori? Hapana. Panda maharage, ambayo hujipatia sehemu ya naitrojeni yake kutoka hewani kwa msaada wa bakteria wa mizizini. Ila pesa ya mahindi ihudumie ekari moja kikamilifu: mbegu bora kilo 10, mbolea ya kupandia, ya kukuzia, vibarua wa palizi kwa wakati, na akiba ya dawa ya viwavijeshi vamizi. Tumezoea kumheshimu mtu kwa ukubwa wa shamba alilolima, na heshima hiyo inatugharimu magunia.

Serikali iliwahi kulielewa hili. Mpango wa vocha za pembejeo ulioanza mwaka 2008 uliifungia kaya mbegu, mbolea ya kupandia na ya kukuzia pamoja, kwa kipimo cha ekari moja. Ulikuwa na kasoro zake, lakini hesabu yake ilikuwa sahihi. Leo mafanikio yanatangazwa kwa tani za mbolea, kana kwamba tani huota zenyewe.

Viongozi, tutangazieni ekari zilizokamilika. Na wewe mkulima unayehesabu noti zako mbele ya kaunta, kabla hujaagiza mfuko wa pili, tenga kwanza pesa ya mbegu na ya palizi.