Uwanja mkongwe utengenezwe, lakini kwa wote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya ukarabati wa Wrigley Field, uwanja wa besiboli ulioko Chicago, Marekani. Besiboli ni ule mchezo ambao mmoja hurusha mpira na mwingine huupiga kwa gongo.

Uwanja huu ulijengwa mwaka 1914. Katika ligi kuu ya huko, unaoupita kwa umri ni mmoja tu, Fenway Park wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1912. Ukuta wake wa matofali umefunikwa na mimea itambaayo iliyopandwa mwaka 1937. Ubao wa matokeo uliojengwa mwaka huo huo bado hubadilishwa namba kwa mikono. Taa za kuchezea usiku ziliwekwa mwaka 1988, wakati viwanja vingine vyote vya ligi hiyo vilikuwa nazo kwa miaka 40.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka 2004 vipande vya zege vilianguka kutoka juu ya majukwaa, ikabidi nyavu zifungwe kuwakinga watazamaji. Wengine wangebomoa. Katika mji huo huo, Comiskey Park wa mwaka 1910 ulibomolewa mwaka 1991. Wenye Wrigley Field walichagua kutengeneza. Tangu msimu wa 2014 ulipokwisha hadi 2019, kazi kubwa ilifanywa kila ligi iliposimama. Vyuma viliimarishwa, zege bovu likaondolewa, na vyumba vipya vya wachezaji vikajengwa chini ya ardhi. Mwaka 2020 serikali ya Marekani iliuweka uwanja huo katika orodha ya majengo ya historia ya taifa.

Ndugu Mhariri, uamuzi huo nauunga mkono kabisa. Lakini swali langu ni hili: uwanja ulitengenezwa kwa ajili ya nani?

Kwanza ni majirani. Wenye nyumba za ng'ambo ya barabara walikuwa wakiuza nafasi za kutazama mchezo kutoka juu ya mapaa yao, na kwa mkataba wa mwaka 2004 waliilipa klabu asilimia 17 ya mapato. Mwaka 2015 klabu ilisimamisha ubao mkubwa wa picha, baadhi yao wakazibwa. Walishitaki, wakashindwa.

La pili ndilo zito zaidi. Mwaka 2022 serikali ya Marekani iliishitaki klabu, ikidai kwamba ukarabati haukufuata sheria ya mwaka 1990 ya haki za walemavu. Ilidai kwamba nafasi nyingi za viti vya magurudumu zimerundikwa safu za nyuma. Klabu ilijitetea kuwa uwanja sasa unafikika kuliko wakati wowote. Mwaka 2024 yalifikiwa makubaliano ya kurekebisha nafasi hizo.

Sisi walimu tunajua kwamba mtoto aliyekalishwa asipouona ubao, hata akiitwa jina akaitika, hasomi. Na mtazamaji aliyewekwa nyuma ya watu wanaosimama kila mpira unapopigwa, tiketi anayo lakini mchezo haoni.

Jambo hilo lingeweza kupimwa kwenye ramani, kabla zege halijamwagwa. Uwanja wa zamani ukihifadhiwa kwa gharama kubwa namna ile, wa kuulizwa kwanza ni yule ambaye ngazi zilimshinda tangu mwanzo. Kulinda mimea ya ukutani ni kazi njema, lakini mtu ana haki kubwa zaidi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kijijini.