Tulipata A, Mama Ntilie Akapata Hasara

Ndugu mwanachuo mwenzangu, kama uko mwaka wa pili na muhula huu unasoma somo la ujasiriamali, naomba dakika zako chache kabla hujaanza kuandika mpango wa biashara. Sisi wetu tuliuandika. Ulikuwa na kurasa 42, majedwali ya rangi, na makadirio ya faida ya miaka mitano. Tukagonga A. Miezi miwili baadaye, mama mmoja ambaye hajawahi kuingia kwenye ukumbi wetu wa mihadhara ndiye aliyelipia ile A, na ndiyo maana naandika.

Kundi letu lilikuwa la watu sita. Tulitakiwa kuja na bidhaa inayotatua tatizo la jamii. Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha wazo tulikuwa bado hatuna kitu, mpaka mwenzetu mmoja akasema, "Tufanye mkaa mbadala." Tukakubaliana ndani ya dakika kumi, kwa sababu ulikuwa usiku na kila mtu ana njaa. Kati yetu sote hakuna aliyewahi kupikia watu zaidi ya wanne.

Wazo lenyewe wala halikuwa baya. Nenda kwa muuza mkaa yeyote hapa Dar, utakuta chini ya gunia kuna chenga, yaani vipande vidogo na vumbi ambalo halina mnunuzi. Unazichekecha kuondoa mchanga, unazichanganya na uji mzito wa unga wa muhogo ili zishikane, unazikandamiza kwenye mashine ya mkono, kisha unaanika. Taka inageuka bidhaa. Na nchi nzima ilikuwa inaimba nishati safi: serikali ilishaagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa ifikapo Januari 2024, na mkakati wa taifa wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Hayo yote tukayabandika kwenye slaidi.

Halafu ikaja slaidi ya soko. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 Dar es Salaam, nasi tukaandika kwa kujiamini kabisa: "Tukipata asilimia moja tu..." Nina hakika nawe unaijua hiyo sentensi. Iko kwenye kila mpango wa biashara uliowahi kuandikwa hosteli. Hiyo asilimia moja ni akina nani, wanakaa wapi, wananunua mkaa saa ngapi, hatukuuliza. Kwenye ukurasa wa washindani tuliandika kwamba hakuna mshindani mkubwa, wakati STAMICO, shirika la umma, linatengeneza mkaa wa Rafiki unaotokana na makaa ya mawe. Ilitosha kuuliza tu dukani. Lakini hakuna aliyetubana. Video yetu ya birika la maji likichemka ilipigiwa makofi.

Bumu lilipoingia, wanne wakasema tujaribu kweli. Wawili wakasema wao A inawatosha, na siku hizi naona walikuwa na akili. Kila mmoja wetu akatoa shilingi 90,000. Kwangu mimi hiyo ilikuwa hela ya kula ya wiki kadhaa, na nyumbani sikusema. Fundi wa kuchomelea kule Gerezani akatutengenezea mashine ya mkono kwa 220,000. Zilizobaki tukanunua chenga, unga wa muhogo, maturubai na mifuko. Tukaanza mwezi Machi, masika yanapiga hodi. Kwenye kurasa zote 42 neno mvua halikuwemo.

Mteja wetu wa kwanza alikuwa mama ntilie anayepika jirani na geti la nyuma, ambako wengi wetu tumekopa wali maharage tukisubiri hela. Tulimwendea tukiwa watatu, na fulana tulizochapisha jina la bidhaa. Tukamwambia moto wetu unakaa mara mbili ya mkaa wa kawaida. Akauliza, "Unashika upesi?" Tukajibu ndiyo, mama, upesi sana. Hatukudanganya kwa makusudi. Jibu tulikuwa hatulijui, na darasani tulifundishwa kwamba mbele ya majaji ukisitasita unapoteza alama.

Akanunua kilo 20. Zilikuwa zimeanikwa siku mbili badala ya nne, kwa sababu jua lilikuwa linatoka kwa kuibia na sisi tulishaahidi tarehe.

Kesho yake nilipita pale saa moja asubuhi nikitegemea pongezi. Moshi niliuona nikiwa bado barabarani. Mama alikuwa ametutegemea kwenye majiko yote matatu, akaacha kununua mkaa wake wa kila siku. Chai ilikuwa haijachemka. Bodaboda wanaokunywa chai kwake alfajiri walishahamia kwa jirani, na wanafunzi wa kipindi cha saa moja walishapita. Mchana maharage yalikuwa bado yanagoma. Wali uliiva, mboga hakuna. Chakula kingine kilibaki, na chakula cha mama ntilie kikibaki hakiwekwi friji kungoja kesho.

Nilienda jioni kuomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, kwa kweli ningependa angenitukana. Alikuwa anasugua sufuria. Akasema, "Mwanangu, kesho nina rejesho la kikundi. Hicho kitabu chenu cha biashara kina ukurasa wa rejesho langu?"

Sikuwa na jibu. Tulikuwa na ukurasa wa hatari za biashara, na hatari zote tulizoorodhesha zilikuwa zetu: mashine kuharibika, bei ya malighafi kupanda, wenzetu kujitoa. Kwamba sisi wenyewe tungeweza kuwa hatari kwa mtu mwingine, hilo halikutupitia kichwani. Tulimrudishia hela yake ya mkaa, tukachanga na 30,000 nyingine. Yeye alituambia siku nzuri anauza kama 80,000. Piga hesabu uone tulichomlipa ni nini. Wiki hiyo wenzangu wawili wakajitoa. Tukabaki wawili, na mashine moja chini ya turubai.

Najua kuna msomaji anasema tatizo lilikuwa mtaji. Hiyo ndiyo hoja yetu kubwa kila tukikaa vibarazani: mawazo tunayo, tatizo hela. Tunakumbushana kwamba halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na vijana fungu letu ni asilimia 4, kwa nini hatupewi? Swali halali. Lakini hebu fikiria mwezi ule wa nne tungekuwa na milioni tano mkononi. Tungenunua mashine kubwa, tungekodi bajaji, na tungewaharibia siku mama ntilie kumi na tano badala ya mmoja. Halafu tungebaki na deni.

Tulichokikosa sisi kilikuwa asubuhi moja jikoni kwake. Nilikuja kuipata kwa aibu. Nilimwomba mama nimsaidie kuosha vyombo kwa wiki moja, bure, kuanzia saa kumi na moja alfajiri kabla ya vipindi. Akacheka, akanipa ndoo. Siku sita nilizokaa pale zilinifundisha mambo ambayo muhula mzima haukunifundisha.

Kwanza, kumbe jikoni kwa mama ntilie moto si mmoja. Alfajiri anataka moto wa kukimbia: chai, chapati, mayai. Hapo mkaa mbadala hata ukikauka vizuri hauna nafasi, na kwa mayai tayari ana mtungi mdogo wa gesi. Kuanzia saa mbili mpaka saa sita anataka moto wa kutulia kwa ajili ya maharage, usiohitaji kupulizwa wala kuongezwa kila dakika, kwa sababu mikono yake iko kwenye mchele na mchicha. Hapo ndipo mahali petu. Sisi tulienda kumuuzia kitu kizuri kwa kazi isiyo yake.

Pili, hanunui mkaa kwa kilo wala kwa gunia. Ananunua kwa kopo, kila siku, kwa hela ya jana. Nilikuwa nafikiri ni kutojua hesabu, maana gunia ni nafuu. Siku ya tatu mvua ikanyesha nikaelewa: hana pa kuliweka gunia lisilowe, na hela ya gunia ikikaa kwenye mkaa haiko kwenye mchele. Hesabu anaijua kuliko mimi.

Tatu, hakuwahi kuuliza kama mkaa wetu unaokoa misitu. Sio kwamba hajali. Alikuwa anauliza kama maharage yataiva kabla ya saa sita na nusu.

Bidhaa tunayouza leo imetoka kwenye ile ndoo ya vyombo. Ni mkaa uleule, ila umekaushwa mpaka ukiugonga unalia, na kipindi cha mvua tukishindwa kukausha tunasema wazi hatuna. Tunauweka kwenye mfuko wa kilo mbili unaotosha kuivisha sufuria moja ya maharage, shilingi 2,000. Kabla ya hapo mama alikuwa anatumia makopo mawili ya 1,500 kwa kazi hiyohiyo. Tunapeleka jioni, mfuko mmoja mmoja. Tunamwambia kila mteja mpya asiuguse kwa chai, na wiki ya kwanza anunue na mkaa wake wa kawaida uwepo pembeni. Tuna wateja kumi na mmoja. Tukitoa gharama, kila mmoja wetu anabaki na kama 20,000 kwa wiki. Haitujengei nyumba. Na ninajua gesi ikishuka bei, au mama akipata jiko la umeme linaloivisha maharage kwa hela ndogo zaidi, ataniacha, na atakuwa sahihi kuniacha.

Sasa niseme ninachotaka kibadilike. Simlaumu mwalimu wetu. Ana wanafunzi mia kadhaa kwenye ukumbi mmoja, na karatasi inasahihishika kuliko biashara. Wala sisemi mpango wa biashara ni upuuzi. Ule ukurasa wa gharama ndio ulionisaidia kupanga bei ya mfuko. Ninachosema ni kwamba mpangilio uko kichwa chini. Tunaandika kwanza, tunawashawishi majaji, halafu walio na bidii ndio wanaokwenda kwa mteja, wakiwa tayari wamelipenda jibu lao. Wiki nne za mwanzo zisiwe na mpango wowote. Kila kundi litafute mtu mmoja anayefanya kazi wanayodhani wataiboresha, fundi viatu, muuza genge, mkulima wa mchicha bondeni, likae naye, limsaidie, liandike anachofanya saa kwa saa. Na kwenye alama, kuwe na fungu la mteja aliyerudi kununua mara ya pili. Mara ya kwanza mtu anaweza kununua kwa kukuonea huruma, au kwa sababu ya fulana.

Kwa serikali yetu ya wanafunzi nina ombi moja. Kila mwaka tunafanya shindano la mawazo ya biashara, lenye jukwaa, muziki, kombe na hundi kubwa ya karatasi. Sehemu ya bajeti hiyo iwekwe kwenye mfuko mdogo wa majaribio. Kundi likitaka kujaribu bidhaa kwa mama ntilie, fundi au muuza duka, mfuko umlipe huyo mtu siku yake endapo jaribio litaharibika. Sisi tukifeli tunaandika "somo tulilojifunza" kwenye slaidi ya mwisho. Anayejaribiwa hana slaidi ya mwisho, ana rejesho kesho.

Na wale mnaoambiwa kila siku jiajirini, kisha mkajaribu ikagoma, msikubali kuitwa wavivu. Wengi hawakukosa bidii. Walifundishwa kuongea kabla ya kusikiliza, na hilo linarekebishika.

Mama bado ananunua. Juzi nilimpelekea mfuko, akaushika, akaugonga kwa ukucha, akausikiliza kama mtu anayechagua nazi. Akasema, "Huu umekauka. Niwekee na wa kesho." Nikaandika kwenye daftari.