Mgeni asiishie kupiga makofi



Natoa maoni yangu kuhusu ukarimu wa watu wa Hawaii, ambao baadhi ya wenzetu wanauita biashara ya watalii tu.

Mwaka 2019 nilikuwa miongoni mwa walimu waliozuru visiwa hivyo kwa wiki mbili. Ni kweli biashara ipo. Katika hoteli moja mjini Honolulu tuliona wasichana wakicheza hula huku wageni wakila na kuzungumza kwa sauti, wala hakuna aliyeelezwa maana ya wimbo. Lakini hotelini si nyumbani kwa mtu.

Nyumbani tulifika Hilo, kwa familia ya mwalimu mwenzetu. Baada ya chakula, wazee kwa vijana walitoa magita na ukulele, yaani kigita kidogo cha nyuzi nne, wakaimba kwa zamu. Kikao cha namna hiyo wao hukiita kani ka pila. Hakuna jukwaa wala kiingilio. Mama mwenye nyumba alinipa ukulele, akanionyesha pa kuweka vidole, na kabla ya kila wimbo akaeleza unamsifu nani au unataja mlima gani. Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa jembe jioni ile ile.

Ukulele wenyewe una asili ya ugeni. Mwaka 1879 meli ya Ravenscrag ilileta Honolulu Wareno wa kisiwa cha Madeira, waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Vigita vyao wenyeji wakavipenda, wakavipa jina la lugha yao, na leo ni fahari yao.

Wenyeji hao hawakutendewa hivyo na wageni wote. Mwaka 1893 Malkia Liliʻuokalani, aliyekuwa pia mtunzi mashuhuri wa nyimbo, alipinduliwa na kundi la wafanyabiashara na walowezi, huku askari wa Marekani wakiwa wameteremshwa mjini. Mwaka 1896 sheria ikafanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia, na watoto wakaadhibiwa kwa kusema lugha yao. Katika nyumba nyingi nyimbo ndizo zilizohifadhi maneno, hadi mwaka 1978 Kihawaii kilipofanywa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na mwaka 1987 shule za serikali zilipoanza tena kufundisha kwa lugha hiyo.

Kwa hiyo mtu anayeimbiwa huko anapewa kitu ambacho wenyeji walikaribia kunyang'anywa. Makofi na picha havitoshi. Aulize maana, ajifunze walau kiitikio, na akiombwa wimbo wa kwao auimbe.

Hapa kwetu nako wanafunzi huchezeshwa ngoma juani kila anapofika mgeni, naye hukaa kivulini akisubiri hotuba. Watoto wengine hawajui hata maana ya wanachoimba. Nashauri walimu wenzangu tuwaeleze watoto maana kwanza, kisha mgeni naye akaribishwe ngomani. Akikataa, tutajua alikuja kututazama, hakuja kututembelea.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kondoa, Dodoma.