Ada ya semina ya majengo ipimwe kwa pango

DAR ES SALAAM: Soko la viwanja na nyumba limezaa biashara nyingine pembeni yake, nayo ni kufundisha watu kununua viwanja na nyumba. Tuseme mwenye duka wa Kariakoo ana akiba ya sh. milioni 12. Anaalikwa semina ya bure hotelini, na kabla chai haijapoa anaambiwa mafunzo kamili ni sh. milioni 1.5, punguzo linaisha jioni hiyo hiyo. (Mwenye faida ya uhakika siku hiyo ni mwenye hoteli.)

Elimu ina thamani, hilo halina ubishi. Lakini ada yake ipimwe kwa mapato yanayotarajiwa. Akiba hiyo ikitosha kiwanja cha pembeni mwa mji na vyumba viwili vya kupangisha kwa sh. 60,000 kila kimoja, pango la mwaka ni sh. milioni 1.44, kabla ya kodi za serikali, ukarabati na miezi ambayo chumba hukaa kitupu. Yaani ada ya semina inameza pango la mwaka mzima na zaidi, la vyumba ambavyo bado havijajengwa.

Ngazi hii ya bei si ngeni. Huko Marekani, Trump University ilianza na semina ya bure, ikafuata ya siku tatu kwa dola 1,495, na juu kabisa dola 34,995. Wanafunzi walishtaki wakidai wamedanganywa. Mwaka 2016 pande mbili zilikubaliana kumaliza kesi kwa dola milioni 25, bila kukiri kosa. Katika mpango wa namna hiyo, kazi ya somo la kwanza ni kuuza la pili.

Hasara kubwa ya mnunuzi mdogo hapa nchini haitokani na kukosa mbinu za hotelini. Inatokana na kiwanja chenyewe. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara, zilibomolewa kwa maelezo kwamba zimo ndani ya hifadhi ya barabara. Wengine hununua kiwanja kilichokwisha kuuzwa kwa mtu mwingine, au nyumba ya familia ambayo mke wa muuzaji hakuridhia iuzwe.

Kwa hiyo fedha ya kujifunza ianze kutumika kwenye kiwanja kimoja kinachojulikana: upekuzi kwa Msajili wa Hati kama kimesajiliwa, ofisi ya mipango miji ya halmashauri kama hakijapimwa, majirani, kisha wakili na mpima. Kwa mtaji huu, kikomo cha kuanzia kiwe pango la miezi mitatu ya vyumba hivyo viwili, yaani sh. 360,000. Dalali atalalamika kwamba mteja anachelewesha, na kiwanja kingine kitapotea kwa mwenye haraka. Mwenye duka akiviacha viwili na kununua cha tatu, sehemu kubwa ya ile milioni 1.5 itakuwa bado benki, ikisubiri matofali.