Kifaransa cha Michezo Kianze Miguuni pa Mtoto

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha nilikaa nyuma ya darasa nikimtazama mwanachuo akifundisha somo la michezo kwa Kifaransa. Picha alizobandika zilikuwa za tenisi, farasi na watu wanaoteleza thelujini. Alimwuliza msichana mmoja: « Est-ce que tu fais du sport ? » Msichana akajibu: « Non. » Mwanachuo akamsifu, akaendelea. Wakati wa mapumziko nilimwona msichana yuleyule akiruka kamba bila kuchoka.

Jibu lake halikuwa na kosa la sarufi, lakini halikuwa kweli. Picha zile zilikuwa zimemfundisha kwamba michezo ni mambo ya watu wengine. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ufundishaji wetu unapokwenda kombo. Lugha ya kila siku haina budi kuanza na mambo ya kila siku: « Je vais à l'école à pied », « Je saute à la corde », « Je joue au football ».

Yapo mambo mawili ambayo Kiswahili chenyewe chaweza kutusaidia kuyaeleza.

La kwanza ni kitenzi. Sisi hucheza mpira, hucheza bao na hucheza ngoma. Kifaransa hugawa kazi hiyo. Kwa mchezo wenye kanuni na mashindano husemwa « jouer à »: « jouer au football », « jouer aux cartes ». Kwa zoezi la mwili husemwa « faire de »: « faire du vélo », « faire de la natation ». Kucheza ngoma ni « danser », na kuipiga ndiko « jouer du tambour ». Mwanafunzi asipoonyeshwa mgawanyo huu, atatumia « jouer » kila mahali.

La pili ni mazoea. Kiswahili kina kiambishi hu-; Kifaransa hakina. « Je joue » yaweza kuwa « ninacheza » au « mimi hucheza ». Mara nyingi maana huonekana katika maneno ya wakati. « Samedi, je joue au football » ni Jumamosi hii. « Le samedi, je joue au football » ni kila Jumamosi. Neno dogo « le » ndilo linalobeba hu- yetu. Mtoto tayari anayo maana hiyo. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha makao yake mapya.

Wengine watasema kwamba mitihani huuliza maneno yaliyomo kitabuni. Ni kweli, nayo yafundishwe, lakini yaje baadaye. Kwanza watoe watoto uwanjani kwa dakika kumi. Waruke wakisema « Je saute », wakimbie wakisema « Je cours ». Kisha warudi darasani, kila mmoja amwulize jirani yake afanyalo kila siku, naye alieleze darasa: « Elle saute à la corde tous les jours. »

Ndugu mwanachuo, utakapouliza swali lile siku moja, usiridhike na jibu lililo sahihi tu. Hakikisha kwamba mtoto amepewa maneno ya kusema kweli juu ya maisha yake.