Si CV Zimekufa, Ni Ile Gia Ndogo

Wacha niseme leo hata kama kuna fundi atanuna: kuna pesa ya bonasi ya chai hapa Kisii na Nyamira inazikwa kwa spea ambazo hazikuwa na haja ya kununuliwa.

Mjomba wangu ana pikapu ya zamani, zile za gia mbili, kubwa na ndogo. Anabeba ndizi kutoka upande wa Manga hadi soko la Daraja Mbili. Mvua huku kwetu haina adabu, kwa hivyo anaweka 4H ndio atoke kwa tope. Hapo sina neno. Lakini akifika lami anasahau. Akikata kona sokoni usukani unakuwa mzito, tairi zinalia, chini kunasaga kru-kru, halafu gari inaruka ni kama imesukumwa. Fundi alisikiliza dakika moja tu: "Mzee, CV zimekufa." Bonasi ikaenda. Wiki iliyofuata kelele ikarudi vile vile. Hakuna mtu alikuwa amemuuliza ile gia ndogo iko wapi.

Sasa skiza. Ukikata kona, tairi za mbele hupita njia ndefu kuliko za nyuma. Kwa 2H hakuna noma, za nyuma ndizo zinasukuma na za mbele zinazunguka zinavyotaka. Ukiweka 4H, transfa inafunga mbele na nyuma zizunguke sawasawa. Kwa tope tairi inateleza kidogo na ule ubishi unaisha. Kwa lami tairi imeshika, haina pa kuteleza, kwa hivyo shafti na gia zinajikunja mpaka kitu kiachilie. Ile kuruka ndiyo kuachilia kwenyewe. Endelea hivyo na siku moja kitavunjika kweli, halafu useme umerogwa.

Najua mtaniambia, "Mbona Subaru iko fowili siku nzima na hailii?" Kwa sababu Subaru ina kifaa katikati kinachoruhusu mbele na nyuma zipishane mwendo. Pikapu ya mjomba haina. Na wewe unayesema lami ya huku huwa imelowa, jua lami iliyolowa bado inashika. Tena 4H haikusaidii kufunga breki. Ukishuka mteremko na kona kali, gari iliyojibana inataka kwenda moja kwa moja, na mbele yako kuna bodaboda na mama wa mboga.

Kabla hujatoa hata shilingi, fanya hivi. Weka 4H ukiwa kwa barabara ya udongo ulio laini, zungusha gari polepole. Kelele ya kujibana ikipotea hapo, shida ilikuwa ni lami. Ukisikia tak-tak-tak inayoenda kasi tairi ikienda kasi, basi kweli shuku CV, na uangalie kama mpira wake umepasuka na unamwaga grisi. Ukisikia mlio ukizungusha usukani hata gari ikiwa imesimama, anzia kwa oili ya pawa. Hizo ni kelele tatu tofauti. Fundi anayeziita jina moja anabahatisha, na anabahatisha na pesa yako.

Halafu na sisi wenye magari tuache uvivu. Weka 4H kabla ya kuingia tope, tairi zikiwa zimenyooka, usingoje kukwama. Kama una zile za kufunga kwa mkono kwenye tairi za mbele, simama, shuka, zifunge. 4L ni gari ikiwa imesimama. Ukigusa lami, rudisha 2H. Gia ikikataa kutoka, usiipige teke. Rudi nyuma mita chache ukiwa umenyooka, itajiachilia.

Mjomba alifanya hivyo mbele yangu. Alirudi nyuma kidogo, kitu kikalia "klak", akakata kona kimya kabisa. Akaniangalia, akauliza, "Sasa zile CV za zamani ziko wapi?"

Zilibaki kwa fundi. Usiache zako huko.